Sauti ya Nne Kwenye Kanda ya Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa chochote. Nilifika Migori saa moja na nusu asubuhi, nimevaa sketi ya kanisani na viatu vya kuazima vilivyonibana, nikakuta duka halijafunguliwa na mwanamume mfupi ameketi juu ya kreti ya soda akila andazi. Nikamsalimu. Akanitazama kuanzia viatuni hadi nywele.

"Wewe ndiye nyar Awendo?" akauliza, yaani binti wa kutoka Awendo.

"Ndiyo, mzee."

"Umekuja kuandika risiti?"

Nikamwambia nimekuja kujifunza ufundi wa redio. Akamaliza andazi lake kwanza, akapangusa vidole kwenye suruali, kisha akasema haya basi, tutaona. Huyo ndiye alikuwa Fundi Mkuu. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha mengi kwa maneno machache kama yeye, ingawa siku hiyo nilimchukia kabisa.

Mwenye duka tulimwita Direkta kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Duka lilikuwa la vyumba viwili: mbele aliuza redio na spika mpya, nyuma tulitengeneza za zamani. Direkta alimfahamu baba yangu, dereva wa lori la miwa, na ndiyo sababu alinikubali. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msichana mwenye bisibisi mkononi alikuwa kichekesho. Wateja walikuwa wakiingia, wananikuta mezani, wananiuliza fundi ameenda wapi.

Asubuhi hiyo Fundi Mkuu alinifunga macho kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Akapiga kanda moja ya muziki wa benga kwenye spika tatu, moja baada ya nyingine, akaniuliza ni ipi mgonjwa. Nikasema ya tatu inakohoa. Akanifungua macho, akaitoa spika ile kwenye sanduku lake, akanionyesha karatasi nyeusi iliyo mbele yake. Ilikuwa imepasuka ukingoni.

"Masikio uko nayo," akasema. "Mikono tutatafuta."

Kisha akanionyesha jambo ambalo mpaka leo ninalifanya kwa furaha ileile. Alichukua betri ya tochi na vipande viwili vya waya, akagusisha kwenye ncha mbili za nyuma ya spika, nyekundu na nyeusi. Ile karatasi ikaruka mbele, tap! Akageuza waya, ikaruka nyuma. "Spika ni kusukuma hewa, basi," akaniambia. "Ukifunga waya sawa, inaanza kwa kwenda mbele. Ukigeuza, inaanza kwa kurudi nyuma. Hiyo ukijua, umejua nusu ya hii kazi." Nilirudia mchezo huo mpaka betri ikachoka, na Direkta akanikemea kwa kuharibu mali ya duka.

Malalamiko tuliyoyapokea zaidi ya yote yalikuwa ya besi. Nchi yetu ile ni nchi ya besi. Mtu wa huko anaweza kuvumilia redio inayokwaruza, isiyoshika stesheni, hata inayomrusha kwa shoti akiigusa na mikono yenye maji, lakini gitaa zito lisipomgonga kifuani anakuja dukani amekunja uso kama aliyeibiwa. Nilipopelekwa kwenye tawi letu la Awendo nilidhani nimeshajua kila kitu, na ni hapo wateja waliponinyoosha. Mkulima mmoja wa miwa alikuwa ameng'oa ubao wa nyuma ya spika zake ili, kwa maneno yake, zipate hewa zisichoke. Besi inatoka kwa sababu sanduku limezibwa. Ukilifungua, sauti nzito inatoroka kwa mlango wa nyuma. Mwingine aliniletea spika nikakuta panya ameshazalia ndani. Nilipokuwa nikitumwa Sindo, kando ya ziwa, ambako wengi walipigia muziki kwa betri ya gari, mara nyingi shida ilikuwa ni betri tu imelala. Besi ndiyo hula umeme mwingi, kwa hiyo ndiyo hutangulia kufa njaa.

Halafu nikahamishiwa Homa Bay, chini ya Fundi Mkuu tena. Huko ndiko nilikofanya kosa langu kubwa kuliko yote.

Mteja mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mkulima na mfanyabiashara wa mahindi aliyeheshimika sana, na nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko unaotazama ziwa. Kwa miaka mingi alikuwa ameimba na wenzake watatu, wanaume wanne bila ala yoyote, na yeye ndiye aliyekuwa sauti ya chini kabisa. Walirekodi kanda moja tu. Baadaye akaugua koo, akapasuliwa, akapona, lakini alichobaki nacho ni mnong'ono. Mtu alilazimika kuinama ndipo amsikie. Mkewe, Mama Risper, ndiye aliyekuwa akitufikishia maneno yake, na alikuwa na tabia ya kuongezea ya kwake.

"Mzee anasema mnywe chai kwanza," Mama alikuwa akisema.

Mzee alikuwa akinong'ona kitu.

"Anasema hakusema hivyo, lakini mnywe."

Mzee alinunua kwetu redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili za kusimama, ndefu kufika kiunoni mwangu. Alitaka jambo moja tu. Risper, binti yake mkubwa, alikuwa ameolewa mbali, naye angekuja Jumapili moja mwezi uliofuata na watoto wake watatu. Watoto hao hawakuwahi kumsikia babu yao akiongea kwa sauti, sembuse kuimba. Alitaka awapigie ile kanda.

Nilitumwa kwenda kufunga redio ile peke yangu, mara yangu ya kwanza, nami nilijiona nimefika. Mama Risper alikuwa na kabati kubwa la sebuleni lililojaa glasi, na juu ya kila kitu palikuwa na vitambaa vyake vya kushona kwa mkono, vyeupe, vimetiwa wanga wa muhogo hadi vikasimama vyenyewe, vimebanwa kwa pini. Spika moja alitaka ikae karibu na redio. Ya pili aliitaka upande wa pili wa kabati, na waya isionekane. Waya yangu ilikuwa fupi. Nikaunga kipande kingine katikati. Umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima, kwa hiyo chuma cha kuchomelea hakikuwa na kazi; nikasokota waya kwa vidole, nikafunga utepe, nikalaza maungio yale juu ya kabati, na Mama akayafunika kwa kitambaa na kubana pini zake. Ikapendeza. Nikaenda zangu kabla umeme haujarudi.

Baada ya siku tatu Mzee akaja dukani mwenyewe, na mkewe nyuma yake.

"Mzee anasema nyimbo zote zinaimba vizuri," Mama akaeleza. "Wa kwanza anasikika. Wa pili anasikika. Wa tatu anasikika. Yeye mwenyewe hayuko."

Fundi Mkuu akauliza, "Hayuko namna gani?"

Mzee akaegemea kaunta, akanong'ona hivi kwamba hata mimi nilimsikia, "Kama mimi nilikosa kuenda kurekodi."

Hapo ndipo tulipoanza kuhangaika. Fundi Mkuu alisafisha kichwa cha kaseti kwa spiriti. Akapima redio. Akaenda nyumbani kwao, akakagua waya nyuma ya redio: waya yenye mstari mwekundu kwenye ncha nyekundu. Akakagua nyuma ya spika zote mbili: mstari mwekundu kwenye nyekundu. Alifuata waya kwa macho mpaka ilipoingia chini ya vitambaa vya Mama, akaishia hapo. Nyinyi vijana mnaweza kushangaa. Lakini katika nyumba zetu, kitambaa cha mama mwenye nyumba hakiinuliwi na mgeni, na kile chenye wanga na pini ndicho kabisa. Fundi Mkuu aliyekuwa haogopi kuingiza mkono kwenye redio yenye umeme aliogopa kitambaa, na mimi pia.

Akabeba spika zote mbili kwenye mkokoteni hadi dukani. Tukazifunga kwa waya zetu, tukaweka kanda ya Mzee. Jamani! Sauti ile ilitoka chini kabisa, pana, tulivu, ikatikisa kopo la misumari mezani, na mama muuza samaki wa mlango wa pili akaja kuuliza ni nani huyo. Fundi Mkuu akacheka kwa furaha. Tukazirudisha nyumbani, tukazifunga, tukaweka kanda. Wa kwanza akasikika. Wa pili akasikika. Wa tatu akasikika. Mzee akainuka taratibu, akatoka nje.

Fundi Mkuu akabaki amesimama katikati ya sebule ameduwaa. Akasogeza viti. Akapiga makofi pembe zote nne kusikiliza ukuta. Mwishowe akatoa hukumu kwamba chumba ndicho kibaya, kuta zinakunywa besi. Kweli kuna vyumba vya namna hiyo, ila nilivyomtazama nilijua haamini. Direkta alipopigiwa simu Migori hakusumbuliwa na mambo ya kuta. "Muuzie spika kubwa zaidi," akasema. "Mteja akitaka besi, mpe besi." Mzee hakubisha. Alikuwa na mtamba mmoja mweusi, wa kwanza kuzaliwa na ng'ombe wa mwisho kuletwa katika mahari ya Risper, akaamua kumuuza.

Usiku ule nililala vibaya. Sikujua kosa langu, naapa, lakini ile picha ya mzee mzima akitoka nje ya nyumba yake kwa sababu hayumo kwenye wimbo wake iliniuma. Nilimpenda yule mzee. Alikuwa na adabu ya kuniita fundi wakati wenzake waliniita msichana.

Ijumaa, siku mbili kabla ya wajukuu kufika, tulienda kuchukua zile spika ili tulete kubwa zaidi. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa ameshafika, yuko zizini na Mzee, na Fundi Mkuu akaenda kuwasalimu. Mimi nikaingia ndani. Ijumaa ni siku ambayo Wasabato husafisha kila kitu kabla jua halijatua, na Mama Risper alikuwa amefungulia kanda ile huku akifanya kazi. Aling'oa pini zake, akavuta kitambaa kirefu cha juu ya kabati ili akakifue. Kitambaa kikanasa kitu. Akakivuta kwa nguvu, na spika ya upande wa pili ikakatika.

Na Mzee akaanza kuimba.

Sitasahau. Spika moja tu ilikuwa ikilia, na ile moja ilitoa besi ambayo mbili zilikuwa zimeshindwa kutoa kwa wiki tatu. Mama Risper akasimama na kitambaa mkononi. Mimi nikatazama juu ya kabati, nikaona waya zangu za kusokota zimeachana.

Nikatoa betri ya tochi mfukoni. Nikaunga tena maungio yale vilevile nilivyokuwa nimeyaunga, nikachomoa waya za spika nyuma ya redio, nikazigusisha na betri. Spika ya kwanza: karatasi ikaenda mbele. Ya pili: ikarudi nyuma. Nilikuwa nimepishanisha waya katikati, chini ya kitambaa, yenye mstari kwa isiyo na mstari. Kwa nje miisho yote ilionekana sawa. Moja ilipokuwa ikisukuma hewa, nyingine ilikuwa ikiivuta. Nilimkumbuka baba yangu na lori lake likikwama matopeni wakati wa mvua, watu wakilisukuma mmoja mbele na mwingine nyuma. Jasho lipo, mwendo hakuna. Sauti nyembamba hupenya hivyohivyo, lakini nzito humezana. Na kanda ya Mzee, iliyorekodiwa kwa kipaza sauti kimoja, ilitoa sauti ileile pande zote mbili, kwa hiyo besi yake ilikufa karibu yote.

Nitasema ukweli, kwa kuwa sasa nimezeeka na hakuna wa kunifuta kazi. Kulikuwa na dakika nzima ambayo ningeweza kuziunga sawa, nikanyamaza, na kumwachia Fundi Mkuu lawama zake za ukuta. Mama Risper asingejua. Ningesema nimegundua hitilafu, ningesifiwa. Kisha nikasikia mnunuzi huko nje akicheka kama mtu aliyekubaliwa bei.

Nikatoka mbio. "Msiuze! Msiuze huyo ng'ombe!"

Wanaume watatu wakageuka. Mtamba mwenyewe akageuka.

"Kuna nini, nyar Awendo?" Fundi Mkuu akauliza. "Nyumba inaungua?"

"Spika ziko sawa. Chumba kiko sawa. Ni waya, imevuka katikati, chini ya kitambaa. Ni mimi. Mimi ndiye niliunga."

Mnunuzi akasema, "Sasa sisi na waya tunahusiana wapi?" Fundi Mkuu alinitazama, nami nikasubiri kuambiwa nirudi kwa baba yangu. Badala yake akashika kichwa.

"Na mimi nimepiga makofi kwa kuta za watu kama mwendawazimu!" akasema. "Yaani, nyani haoni kundule. Nimepima kila kitu isipokuwa kazi yetu wenyewe." Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo ya zizi.

Mzee akanong'ona. Mama Risper, aliyekuwa amenifuata mbio na kitambaa chake, akainama kusikiliza.

"Anasema ng'ombe arudi ndani," akatangaza. "Na anasema wewe msichana una bahati, mimi ningekuchapa."

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anasema hakusema ya mwisho. Hiyo ni yangu."

Tukaingia ndani. Safari hii umeme ulikuwepo. Nilichomelea maungio yale kwa risasi, mstari kwa mstari, na Fundi Mkuu akasimama nyuma yangu bila kunigusa wala kunielekeza. Tukaweka kanda. Sitaeleza sana. Glasi za kabatini zililia. Mama Risper akakaa kitini, akajifunika uso kwa kile kitambaa kilichokuwa kinasubiri kufuliwa, na alipokifunua alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Huyo ndiye alikuja kwa baba yangu," akatuambia. "Huyo! Mimi nilikuwa jikoni, sikuwa nimemwona. Nilisikia tu akisema hodi."

Direkta alikasirika kwa wiki moja kwa sababu ya spika ambazo hazikuuzwa. Halafu watu wa kanisa wakaanza kuja, kila mmoja anataka redio iliyofungwa na yule msichana anayesema ukweli, na Direkta akagundua kuwa siku zote alikuwa akinipenda. Miaka michache baadaye nikarudi Migori. Fundi Mkuu alipostaafu, kiti chake nikakikalia mimi, kreti ya soda ikiwemo.

Nami sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena waya nyembamba, ila masikio bado ninayo. Vijana huniletea vispika vyao vidogo visivyo na waya, huniita Dani, yaani bibi, wanasema, "Dani, besi haitoshi," nami huwauliza wameviweka wapi, nikasikia vimo ndani ya blanketi. Wananiuliza siri ya kazi. Sina siri. Mteja akisema sauti haipo, mwamini. Yeye ndiye anayekaa nayo. Kisha, kabla ya kulaumu mashine au ukuta, inua kitambaa ulichofunikia mwenyewe. Mkiona ni rahisi, ngojeni siku itakapokuwa ni kazi yenu.

Wengine huuliza kama kazi ilinilipa. Huwa ninawasimulia Jumapili ile, kwa sababu Mama Risper alisisitiza na mimi nije.

Wajukuu watatu waliketi mkekani wamechoka na safari. Mzee mwenyewe alibonyeza kitufe. Wa kwanza akaingia, wa pili, wa tatu, kisha ile sauti ya chini ikapanda kutoka sakafuni. Mtoto mdogo kuliko wote, msichana wa kama miaka mitano, akaweka kiganja chake juu ya spika, akakiondoa kwa mshtuko, akakirudisha tena. Akageuka kumtazama bibi yake.

"Dani, ni nani huyu?"

Mama Risper akafungua kinywa kujibu, kama alivyokuwa amezoea kujibu kila kitu katika nyumba ile. Mzee akainua mkono kumzuia. Akapiga magoti polepole kwenye mkeka, mpaka mdomo wake ukafika karibu na sikio la mtoto.

"Ni mimi," akanong'ona.